Pantoni Tatu Mpaka Harbin

Kabula mwanangu,

Tangu Jumapili shikamoo yako unaitoa ukiangalia ukuta, na mimi marahaba yangu naipeleka hukohuko ukutani. Kwa hiyo nimeona bora niandike. Karatasi haininunii. Naandika nikiwa stendi ya Magu, nimekalia kreti ya soda niliyoazimwa na dada muuza maandazi. Gari limezimwa injini, dereva anacheza bao, na konda anasema tunaondoka sasa hivi. Hiyo sasa hivi yake nimeanza kuisikia tangu mchana na jua limeshahama upande. Daftari hili nimelinunua duka la hapo nyuma. Lina kurasa nyingi kuliko zote nilizowahi kuandika nikiwa shuleni, kwa hiyo jiandae.

Mwandiko usiucheke. Baba yako ameishia kidato cha pili, ila hesabu nilikuwa wa kwanza darasani, ukianzia kuhesabu chini.

Mambo ya soksi nzito, ya kuficha pasipoti, ya kutokula usichokijua, mama yako amekuimbia mpaka kuku wa jirani wameyakariri. Mimi siyagusi. Mimi nimekasirika, na nataka kukuambia nimekasirikia nini, maana najua unadhani nimekukasirikia wewe. Umo, sikatai. Lakini uko mbali sana kwenye orodha.

Wa kwanza ni simu yangu.

Siku ulipopata chuo nilikuwa kibandani Mabatini, nakaanga sato. Ukapiga huku unalia, nikadhani umegongwa na bodaboda. "Baba, nimepata! Harbin!" Nikakwambia hongera mwanangu, nilijua tu, damu yangu hiyo. Nilipokata nikamuuliza mteja Harbin ni wapi. Hajui. Nikaiuliza simu, kwa kidole chenye mafuta: kutoka Mwanza mpaka Harbin kwa ndege ni umbali gani. Ikajibu hata sijafuta kidole. Kilomita elfu kumi na kitu, saa kumi na tatu. Na mstari ikanichorea, umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, ncha moja kwetu, ncha ya pili Uchina.

Sasa niambie, nani asingetamba? Nilitamba Mabatini nzima. "Binti yangu anakunywa chai Mkolani asubuhi, usiku anakula wali Uchina!" Yule fundi viatu wa pembeni akasema, "Maganga, leo umezidisha." Nikamwonyesha simu. Akanyamaza. Kabula, unajua mimi maisha yangu yote nimenyamazisha watu kwa sauti tu. Siku hiyo nilimnyamazisha mtu kwa ushahidi. Raha yake huijui.

Raha hiyohiyo nikaipandisha gari nikaileta huku Magu kwa Bibi yako.

Bibi alikuwa hataki, unakumbuka. Ulikuwa unamsikia kwenye simu akijifanya network mbovu kila ukitaja chuo. Amekulea tangu hujui kufunga viatu, na wasiwasi wake ulikuwa mmoja tu. Alinikalisha pale barazani, akaniambia, "Mimi nikifa nani ananitupia udongo? Wewe? Wewe nilishakuona siku ya baba yako."

Nikatoa simu.

"Saa kumi na tatu," nikamwambia.

"Basi la Dar linachukua ngapi?"

"Zaidi ya hapo, Mayu. Na likiharibika Singida unalala hukohuko."

Akacheka. Mama yangu hachekagi na mimi, ananicheka, lakini siku hiyo tulicheka wote. "Kumbe Uchina ni karibu kuliko Dar! Sasa mlikuwa mnanitisha nini?" Akapiga hesabu zake palepale. "Basi aende. Nikifa jioni, kesho yake jioni yupo hapa. Na akisafiri, sifagii nisije nikamfagilia mbali akiwa njiani; asubuhi ya pili ameshafika, nafagia uwanja wangu."

Ruhusa yako ilipatikana hivyo. Sikumdanganya. Nilisoma kilichoandikwa. Mimi mwenyewe niliamini kuna ndege moja inanyanyuka pale Mwanza, inafuata ile kamba, inatua Harbin, mnashuka.

Halafu Jumapili ukaja na tiketi.

Ulikaa jikoni umeishika kama hakimu ameshika hukumu. Ukaanza kunisomea. Mwanza mpaka Dar. Halafu kungoja. Dar mpaka Doha, huko Uarabuni. Halafu kungoja, na kungoja kwenyewe ni kwa kulala kwenye kiti. Doha mpaka Beijing. Kungoja tena. Ndiyo sasa Beijing mpaka Harbin. Ukijumlisha na ujinga wao wa kubadilisha saa, karibu siku mbili.

"Kwa nini mtu wa Uchina apitishwe Uarabuni?" nikauliza.

"Baba, ndiyo njia."

"Na ile ya saa kumi na tatu?"

Ukaniangalia kwa yale macho ya Bibi yako. "Hiyo ndege haipo, Baba. Simu imepiga mstari tu. Imekwambia ndege ingechukua muda gani kama ingekuwepo."

Kabula, hapo ndipo nilipotaka kuirusha ile simu kwenye karai la mafuta. Kama ndege haipo, unaniambia saa zake za nini? Ni sawa na nikuulize mke wangu yuko wapi, unitajie urefu wa mwanamke ambaye sijamuoa!

Nilidhani tutacheka yaishe. Wewe hukucheka. Ukaniuliza kama Bibi anajua. Nikakwambia Bibi ni mtu mzima, hayo ya Doha yatamchanganya, acha apumzike na saa zake kumi na tatu. Ukasimama. "Baba, Bibi atafagia nikiwa bado angani."

Nikasema ni ufagio tu.

"Si ufagio tu. Na ameniruhusu kwa sababu anaamini nitawahi kumzika. Sipandi kwa ruhusa ya namna hiyo. Nenda ukamwambie mwenyewe. Usipokwenda, siku ya safari mimi nipo hapahapa jikoni, na tiketi ipeperuke."

Halafu ukaanza kuusalimia ukuta.

Nilikasirika siku mbili. Mtoto niliyembeba mgongoni ananipa amri jikoni kwangu! Halafu nikakasirika zaidi nilipogundua hasira inatoka wapi. Mtu yeyote Mwanza angeweza kudanganywa na ule mstari, ila mimi hapana. Mimi Maganga! Mimi nimekula, nimevaa, nimelipa ada yako ya shule kwa sababu ya foleni. Nilipaswa kuijua hiyo tiketi kabla hujaifungua.

Unajua nilianzia Kigongo nikiwa na ndoo ya mayai ya kuchemsha. Ulipozaliwa nilikuwa kijana kiasi kwamba nesi aliniuliza mzazi wangu yuko wapi nikamwambia ndiye mimi. Maji ya pale, kutoka Kigongo mpaka Busisi, yalikuwa hayafiki hata umbali wa kwetu mpaka mjini. Ng'ambo unaiona. Mtu akivaa shati jekundu Busisi, Kigongo unajua ni jekundu. Lakini malori yalikuwa yanalala pale. Watu wa Geita, wa Bukoba, wa wapi, wanakaa wanayatazama hayo maji madogo nusu siku, na mimi napita dirishani na ndoo yangu.

Nilikuwa na kauli yangu. Abiria akichungulia kuuliza kama pantoni inakuja, nilikuwa namjibu kabla hajamaliza: "Bado sana, kula kwanza!" Hata kama naiona imeshageuza pua inakuja. Bado sana, kula kwanza. Mtu anashuka, anamenya yai, anaomba chumvi, anaomba la pili. Wangapi walikimbia na yai mdomoni wakiikuta imeshaondoka sijui, lakini mayai yangu yalikuwa hayarudi nyumbani. Wenzangu wote waliiga ile kauli. Ikavuka maji mpaka Busisi, wakawa wanaitumia kama yao. Mimi ndiye mwenye nayo, na hakuna aliyenishukuru.

Hii inayofuata Bibi anaisimulia kila Krismasi, nyama ikishaiva, mbele ya wageni. Leo isikie upande wangu.

Ulikuwa na miaka minne. Mimi nilikuwa Geita, nimejiunga na wachimba dhahabu, dhahabu yenyewe ikawa imejificha iliposikia nakuja. Jioni simu ikaja kwamba baba yangu ameanguka shambani na hakuamka. Watazika kesho saa nane mchana, hakuna pa kumhifadhi. Nikatoka alfajiri. Asubuhi mapema nipo Busisi. Kutoka pale, ukishavuka, mpaka Magu ni saa chache tu. Nilikuwa nimewahi, Kabula. Andika hapo kwamba baba yako alikuwa amewahi.

Palikuwa na mama mmoja anauza sato wa kukaanga. Nikamuuliza pantoni iko wapi. Akasema, "Iko ng'ambo, kaka. Bado sana, kula kwanza."

Maneno yangu! Niliyatunga mwenyewe! Nilicheka. Nikakaa. Nilikuwa sijala tangu jana yake, na msiba unatia njaa watu wasiyoisema. Na badala ya kula ninyamaze, nikaanza kumweleza yule mama kwamba mwenye hiyo kauli anayoitumia ndiye mimi, niko mbele yake, anipe samaki wa heshima. Akabisha. Nikabishana. Unanijua nikibishana. Pantoni ikaja, ikafungua, ikapakia, ikafunga geti, mimi bado nathibitisha kwamba mimi ndiye mimi.

Iliyofuata haikuja. Upepo. Halafu injini. Nikakaa ukingoni nayaangalia yale maji. Mwenye mtumbwi alikuwepo, akanifuata mara mbili, na mimi mtoto wa huku nisiyejua kuogelea nikayaangalia yale mawimbi nikasema nangoja pantoni.

Nilifika hapa jua linazama. Watu walikuwa wanaosha majembe. Wewe ulikuwa umekaa chini mlangoni, miguu imejaa udongo mbichi, ukanionyesha mikono yako ukaniambia, "Nimemfukia babu." Bibi yako akatoka ndani. Nilijua atanitukana, na nilikuwa namngoja anitukane. Akaniangalia, akaniuliza, "Umekula?"

Nikasema, "Nimekula."

Mpaka leo. Kila tukikaa mezani pale kwake akiniuliza umekula, mimi samaki wa Busisi ananirudi kooni.

Sasa wamejenga daraja. Unajua jinsi nilivyolinuna hilo daraja, mkadhani ni kwa sababu limeua biashara yangu. Ndiyo, limeiua. Foleni imekwisha, hakuna tena mtu wa kumwambia kula kwanza, ndiyo maana nimehamia Mabatini kugombana na fundi viatu. Lakini siku ya kwanza nilipopita juu yake, nimepakiwa kwenye bodaboda, watu wanapiga picha, wanashangilia, mimi nilikuwa natazama chini. Nikasema, ah! Hapa tu? Nilikuwa sijamaliza kusema tukawa tumeshafika Busisi. Dereva akaniuliza, "Mzee, mbona hata hufurahi?" Nikamwambia aniteremshe. Nikarudi kwa miguu, juu ya maji yote yale, nikiyatukana. Daraja limekuja miaka kumi na mitano baada ya mzee wangu kuzikwa, linanionyesha kwamba palikuwa ni hapo tu.

Kwa hiyo ulipokuwa unanisomea tiketi, kungoja, kungoja, kungoja, mimi nilikuwa nakuona umekaa Busisi. Ndiyo maana nikasema ni ufagio tu. Sikutaka kumwambia mama yangu kwamba namtuma mjukuu wake kwenye foleni.

Haya. Nimekwenda.

Nimefika kwake leo asubuhi, nimemkuta uani anapeta choroko. Nikamsalimia vizuri, nikauliza habari za pamba, za mvua, za ng'ombe wa jirani. Akaendelea kupeta. Halafu akasema, "Maganga, umekuja kusema nini? Mtu hatoki Mkolani siku ya kazi kuja kuniuliza habari za pamba."

"Mayu, zile saa kumi na tatu."

"Zimepungua?"

"Zimeongezeka."

Ungo ukasimama. Nilikuwa nimejipanga kumweleza Doha ni wapi na Beijing ni wapi, nimebeba na ile simu. Nikaona atanikata. Nikamwambia, "Ni pantoni tatu, Mayu. Ya kwanza iko Dar. Ya pili iko Uarabuni. Ya tatu iko Beijing. Ndiyo ukivuka hiyo unafika kwake."

"Pantoni tatu." Alielewa kuliko mimi nilivyoelewa jikoni. "Na foleni?"

"Kila moja na foleni yake."

"Na wauza samaki?"

"Wapo. Wanauza ghali kuliko sisi."

"Mwambie huyo mtoto asile! Ashinde njaa! Akae mlangoni mwa hiyo pantoni, na mtu yeyote akimwambia bado sana, amtazame usoni aone kama amefanana na baba yake."

Nilicheka peke yangu. Yeye alikuwa ameweka ungo chini.

"Kwa hiyo hatanizika," akasema.

Nikasema tutakungoja. Nikasema siku hizi kuna pa kuhifadhi, nikasema nitapanga kila kitu mimi mwenyewe. Nikawa natamba, Kabula, kwa sababu nikiogopa ndivyo ninavyofanya. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Siku ya baba yako tulikungoja. Hukuwahi kuambiwa. Wazee walitaka saa nane. Mimi nilikaa juu ya lile rundo la udongo, nikasema hakuna kuzika mpaka mwanangu afike. Wakanibembeleza, sikutoka. Watu wanaungua na jua, mwili unaharibika, wageni wa mbali wananuna. Mpaka jua likainama, kaka yake baba yako akaninyanyua. Nilipokuuliza umekula, nilikuwa nataka kujua kama ulikuwa na njaa kama yangu."

Miaka kumi na mitano, Kabula! Krismasi zote hizo, wageni wote hao, nyama zote hizo, na hicho kipande hajawahi kukisimulia. Nimekasirika mpaka sasa hivi ninapoandika. Sijui namkasirikia nani. Nilitaka kusema neno nikakosa. Mimi, nikakosa neno! Ungekuwepo ungefurahi.

Akaokota ungo. Akasema hivi, na nakuandikia kama alivyosema ili usidhani nimetia chumvi: "Mkinizika msimngoje mtu. Sitaki kukaa nangojwa kama pantoni. Yeye hiyo ndege ya kuja kaburini aipande mapema, anikute nakula. Mwambie nimemruhusu upya. Ile ruhusa ya kwanza itupe, hii ndiyo yenyewe."

Halafu akainuka, akauchukua ufagio wa uani, akauchomeka juu kwenye paa la jiko, mahali ambapo hata yeye mwenyewe haufikii mpaka apande kigoda. Nikamwambia, mbona mapema, mtoto anaondoka kesho. Akasema, "Nimeuweka sasa nisije nikajisahau asubuhi. Mkono wangu umeshazoea kufagia." Nikamwambia uwanja utajaa mavi ya kuku na maganda, siku mbili zote hizo majirani watasema. "Waseme. Wao wana mtu aliye kwenye pantoni?"

Ndiyo maana haji uwanja wa ndege kesho. Najua utaumia, na najua utanilaumu mimi, kama kawaida. Nimembembeleza. Anasema akija mjini kukuaga, watoto wa jirani watamfanyia wema, watafagia. Anabaki kulinda uchafu wake. Mama yangu ni mkaidi, na wewe umelelewa naye, na mimi niko katikati yenu nimekalia kreti.

Leo nikifika nitakwambia maneno mawili tu kwa mdomo: ameruhusu, panda. Nikizidisha nitaanza kutamba, utageukia ukuta. Hii barua nitaichomeka kwenye begi dogo, lile la mabegani. Isome kwenye pantoni ya kwanza kama hasira bado unayo. Kama huna, isogeze mpaka ya pili, nasikia ndiyo ndefu. Niliiandika ndefu kwa sababu hiyo. Mtu wa foleni nisiyejua kukupa kitu cha kukaa nacho kwenye foleni ningekuwa mtu gani?

Na ule ujanja wangu wa kula kwanza sikurithishi. Bibi amekataza. Ila njaa ikikushika huko Uarabuni, kula, mwanangu, usimsikilize. Kula umesimama, macho kwenye mlango. Na akitokea mtu anabishana na wewe kwamba si wewe uliyesema jambo fulani, mwachie. Mwachie kabisa, hata kama ni wewe. Mimi sijawahi kuweza. Wewe uliweza Jumapili: ulisema mara moja, ukanyamaza, ukaniacha niende mwenyewe. Nilikukasirikia kwa hilo kuliko kwa mengine yote, na njia nzima ya kuja Magu nilikuwa nawaza ningekuwa na akili hiyo pale Busisi ningekuwa wapi.

Konda sasa anaita. Anasema watu wawili tu wamebaki. Alisema wawili pia nilipoanza ukurasa wa pili. Dada wa maandazi anataka kreti yake, na amenigeukia, Mungu ni shahidi yangu, ameniambia, "Gari bado sana, kaka. Si ule andazi kwanza?" Nimenunua mawili. Nayala nimesimama, mlangoni.

Kabula, ukifika Harbin, ukishapita hizo pantoni zote, najua utataka kunipigia mimi kwanza, kwa sababu mimi ndiye kipenzi chako, usibishe. Usinipigie. Mama yako pia usimpigie, nitamtuliza. Hata kama kwetu ni usiku wa manane na kwenu kumekucha, mpigie Bibi. Mzee yule hatakuwa amelala. Usimsimulie baridi, usimsimulie ndege. Sema neno moja tu, kwa sauti, maana anaishika simu kinyumenyume:

"Bibi, fagia."

Sisi wengine tutajua.

Ni mimi baba yako, niliyepata siti ya dirishani kwa kupigana.